UZI: Dashibodi inasema lita 5.4, pampu inasema 5.9. Ulaji halisi wa dizeli, tuleteane namba

#1 Mleta Uzi

Wakuu habari zenu. Hii mada imenikaa kichwani miezi kadhaa nikaona niilete ikiwa na namba, maana kila siku mtu anasema gari yangu inaenda kilomita 20 kwa lita na ukimuuliza umepimaje anakwambia imeandika yenyewe kwenye dashibodi. Na mimi nilikuwa hivyohivyo, naiamini ile namba kama ninavyoamini saa.

Gari ni dizeli lita 2.0, komon reli (bomba moja la presha linalolisha nozeli zote), gia za mkono, imeshatembea laki moja na arobaini na kitu. Tangu nianze kuiendesha wastani wa dashibodi unacheza 5.4 kwa kilomita mia na mimi nikawa nafurahi tu. Siku moja nimejaza fuli nikakaa na risiti nikagawanya lita kwa kilomita za tripu ikaja karibu 5.9, nikasema hapa nimekosea hesabu, nikarudia, ileile. Ndo nikaanza kuandika kila tenki kwenye daftari.

Utaratibu wangu: kituo kilekile, pampu ileile, gari imesimama upande uleule, najaza mpaka mkono wa pampu unakata wenyewe mara ya kwanza na siongezi hata tone. Hapohapo tripu mita narudisha sifuri na wastani wa dashibodi narudisha sifuri, vyote viwili kwa pamoja. Isipokuwa tenki la 6, lile nilimalizia kituo kingine kwa sababu nilikuwa safarini.

Tenki 1: km 812, lita 47.6, hesabu 5.86, dashibodi 5.4
Tenki 2: km 774, lita 46.1, hesabu 5.96, dashibodi 5.5
Tenki 3: km 865, lita 48.2, hesabu 5.57, dashibodi 5.2
Tenki 4: km 691, lita 43.9, hesabu 6.35, dashibodi 5.8
Tenki 5: km 838, lita 48.9, hesabu 5.84, dashibodi 5.4
Tenki 6: km 803, lita 48.7, hesabu 6.06, dashibodi 5.4

Jumla kilomita 4,783 na lita 283.4 za pampu. Sasa ukichukua namba ya dashibodi ukaipigia hesabu na kilomita za kila tenki unapata lita 260 tu. Yani kuna lita 23 nimezilipia, zimeingia kwenye tenki, injini imezichoma, na kompyuta haijui kama zipo. Ni karibu nusu tenki wakuu! Tenki la 4 ni wiki ya foleni kwa hiyo ulaji kupanda naelewa, ninachotaka kuelewa ni kwa nini kila tenki, liwe la foleni au la safari, dashibodi inapunguza na haijawahi hata mara moja kuzidisha.

#2 Safari Ndefu

Mkuu mi naanza na pampu. Umejuaje lita 48 za kwenye risiti ni lita 48 kweli? Kuna watu wanalia na gari kumbe wanapunjwa.

#3 Mleta Uzi

Swali zuri na ndilo la kwanza nililojiuliza. Vituo vinakuwa na ile ndoo ya chuma ya lita 20 ya kukagulia pampu, ina shingo nyembamba yenye mistari. Niliwaomba wanipimie mbele yangu na mafuta yakasimama kwenye mstari. Viwango vya OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, vinaruhusu pampu ikosee nusu asilimia, sasa nusu asilimia ya lita 48 ni kama robo lita. Mi natafuta lita nne kila tenki. Pampu haiwezi kuwa jibu la yote.

#4 Tairi Pana

Umeangalia kilomita? Odometa nayo inadanganya. Spidi mita ndo kabisa, kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inasema isionyeshe chini ya mwendo halisi hata kidogo ila juu inaruhusiwa mpaka asilimia 10 na kilomita 4 zaidi, kwa hiyo watengenezaji wanaweka izidi kidogo makusudi. Odometa inakuwa na nafuu kuliko spidi mita lakini ukibadili saizi ya tairi au tairi zikiisha kashata, gurudumu linakuwa dogo, linazunguka mara nyingi zaidi kwa kilomita ileile, na gari inajihesabia kilomita ambazo haijatembea. Pima kwa GPS kwenye barabara iliyonyooka kilomita mia hivi.

#5 Daftari la Mafuta

Tairi Pana uko sahihi kuhusu odometa lakini hilo halielezi tofauti ya mleta uzi, naomba tulitazame vizuri maana watu wengi wanateleza hapa. Dashibodi inagawanya mafuta kwa kilomita za odometa. Mleta uzi naye anagawanya mafuta kwa kilomita zilezile za odometa. Kama odometa inazidisha asilimia 2, hesabu zote mbili zinazidi uzuri kwa asilimia 2 sawasawa, pengo kati yao linabaki palepale. Kwa hiyo 5.4 na 5.9 ni ugomvi wa mafuta peke yake. Odometa ataihitaji akitaka kujua ulaji wake wa kweli kabisa, hiyo ni hatua ya pili.

Halafu mleta uzi hilo tenki la 6 halijakaa sawa. Tenki tano za kwanza lita za pampu zinazidi za dashibodi kwa asilimia 7 hadi 9 na nusu, la 6 zinazidi kwa asilimia 12. Kuna kitu hapo.

#6 Mleta Uzi

Aisee hilo la kilomita kujifuta sikuliona kabisa, asante kiongozi. La 6 naliangalia.

#7 Fundi Nozeli

Wakuu mi kazi yangu ni nozeli, vile vinavyopuliza mafuta ndani ya silinda, na pampu za dizeli, ngoja niwaeleze ile namba inatoka wapi, maana naona kuna watu wanadhani inatoka kwenye kile kidude cha kuelea ndani ya tenki. Hapana. Kidude cha kuelea ni cha mshale wa mafuta na kusaidia kukisia kilomita zilizobaki. Wastani wa ulaji unatoka kwenye kontroo boksi ya injini, yaani kompyuta yake. Kontroo boksi ndiyo inayoiamuru nozeli ifunguke muda gani na presha ya reli iwe ngapi, kwa hiyo inajumlisha kila amri iliyotoa na kusema nimetumia kiasi hiki. Angalieni neno amri. Inahesabu mafuta iliyoamuru yatoke, hakuna mita iliyofungwa mahali inayopima mafuta yaliyotoka kweli.

Sasa tuone udogo wa kitu kinachohesabiwa. Injini ya silinda nne ikiwa mizunguko 2000 kwa dakika kila silinda inawaka mara 1000, jumla mara 4000 kwa dakika, laki mbili na arobaini elfu kwa saa. Tuseme unatembea 100 kwa saa na unakula lita 5, hizo ni kama gramu 4,175. Gawanya, unapata miligramu 17 na kidogo kwa kila mwako. Miligramu kumi na saba! Na hizo zenyewe hazitoki kwa mkupuo mmoja, zinakatwa vipande, kidogo cha kuanzia, kikubwa cha kusukuma, wakati mwingine na kidogo cha mwisho. Nozeli ikichakaa ikazidisha miligramu moja na nusu tu kwenye kila mwako tayari una pengo la asilimia 8 na ushee, na injini inawaka vizuri, haina moshi, haina taa yoyote kwenye dashibodi, mwenye gari hajui chochote.

Petroli ina nafuu hapa. Injini ya petroli ya kawaida inalazimika kuchoma hewa na mafuta kwa uwiano wa karibu 14.7 kwa 1 na kuna sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inayoirudisha kwenye mstari muda wote, kwa hiyo kompyuta ikikosea kukisia mafuta inajua haraka. Dizeli inavuta hewa nyingi kuliko inavyohitaji, mafuta yakizidi kidogo hewa ya kuyachoma ipo, gari inapata nguvu kidogo zaidi na wewe unalegeza mguu bila kujua. Dizeli za karibuni nyingi zimewekewa nazo sensa ya ekzosi na zinajisahihisha, ila si zote na si muda wote.

Na kuna jingine. Kontroo boksi inahesabu kwa uzito, dashibodi inakuonyesha lita. Ili kugeuza uzito kuwa lita lazima ukisie lita moja ina gramu ngapi. Kiwango cha Ulaya cha dizeli, EN 590, kwa miaka mingi kiliruhusu kuanzia gramu 820 mpaka 845 kwa lita. Hapo katikati kuna asilimia 3 ambazo gari haina namna ya kuzijua.

#8 Safari Ndefu

Fundi nimesoma mara mbili. Miaka yote nikidhani ni kile kidude cha kuelea.

#9 Mguu Mwepesi

Mi yangu kitabu kinasema 4.2 kwa wastani na sijawahi kuiona hiyo namba hata nikiwa peke yangu usiku barabara tupu. Nimeipeleka kwa mafundi watatu. Kila mmoja anasema gari nzima. Nafanyaje?

#10 Daftari la Mafuta

Gari yako ni ya mwaka gani mkuu? Kama ni kabla ya 2017 hiyo 4.2 ni ya kipimo cha zamani kinaitwa NEDC. Kipimo chenyewe kilikuwa cha maabara, gari juu ya rola, dakika 20 hivi, kilomita 11, wastani wa mwendo kilomita 33 na kitu kwa saa, kuongeza mwendo polepole mno na 120 inaguswa kidogo tu mwishoni. Hakuna kiyoyozi, hakuna mlima, hakuna mzigo. Taasisi ya ICCT ilikuwa inakusanya ulaji wa madereva wa kweli Ulaya na kulinganisha na namba za vitabu, mwaka 2001 pengo lilikuwa kama asilimia 9, kufika 2015 limekuwa kama 42. Injini hazikuharibika katikati hapo, watengenezaji walijifunza kuupasi mtihani. Sasa chukua 4.2 uiongezee asilimia 40 unapata 5.9, ambayo nadhani ndiyo unayoila.

#11 Mguu Mwepesi

Nakula 5.8 mpaka 6. Kwa hiyo mafundi watatu walikuwa sahihi. Nilibadilisha mpaka turbo jamani.

#12 Daftari la Mafuta

Pole sana mkuu. Kwa wenye magari mapya kipimo ni WLTP, kilianza Septemba 2017 kwa modeli mpya na Septemba 2018 kwa magari yote mapya Ulaya, nusu saa, kilomita 23 na kidogo, mwendo unafika 131. Ni kigumu zaidi lakini bado si barabara. Na hapa kuna kitu kinachohusu uzi huu moja kwa moja: magari mapya ya Ulaya kuanzia 2021 lazima yawe na kihesabu cha ndani kinachotunza mafuta yote na kilomita zote tangu gari linatoka kiwandani, na sheria inataka kisikosee zaidi ya asilimia 5. Machi 2024 Tume ya Ulaya ikatoa matokeo ya magari yaliyosajiliwa 2021, dizeli zilikula kama asilimia 18 zaidi ya kitabu na petroli kama 24. Kwa hiyo hata kipimo kipya, hata kihesabu cha kisheria, ukiona tofauti usikimbilie kufungua injini.

Na mwenye gari la namna hiyo asiishie kusoma wastani wa safari moja, aombe fundi amsomee hicho kihesabu cha maisha ya gari kwa mashine, kipo.

#13 Masizi

Mbona hamjagusa DPF? Kichujio cha masizi kikijaa gari inajisafisha yenyewe ukiwa unaendesha, inamwaga mafuta ya ziada kwa kuchelewa, mwako ukiwa umeshapita, ili ekzosi ipate moto wa kama nyuzi 600 na masizi yaungue. Hayo mafuta hayakusukumi hata mita moja. Yangu inafanya kila kilomita 400 au 500, dakika 15 hivi, na ulaji wa papo hapo unapanda wazi kabisa. Ukitaka kujua iko kwenye zoezi, sailensa (mizunguko ya injini gari ikiwa imesimama) inapanda kidogo, ile ya injini kujizima yenyewe ukisimama kwenye taa za barabarani inakataa kufanya kazi, na ukizima gari feni inaendelea kulia. Magari mengine yanayahesabu hayo mafuta kwenye wastani, mengine hayayahesabu, na ndiyo maana mtu ana asilimia 3 na mwenzake mwenye injini ya ukubwa uleule ana 8.

Mi nadhani tenki la 6 la mleta uzi ni hilo. Safari fupi nyingi, gari inaanza kujisafisha, unazima kabla haijamaliza, kesho inaanza upya. Na angalia oili kwenye kijiti, ikipanda badala ya kushuka ujue dizeli inashuka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, hapo badilisha oili usisubiri.

#14 Mleta Uzi

Tenki la 6 lilikuwa la safari ndefu mkuu, ndo maana nilimalizia kituo cha mbali. Oili nimeipima asubuhi hii iko katikati ya alama. Ila la feni kulia baada ya kuzima nimewahi kulisikia na nilidhani ni joto tu, asante.

#15 Chuma cha Zamani

Sisi wenye dizeli za zamani za pampu ya kimakanika, hakuna kontroo boksi hakuna namba yoyote, tunajuaje? Yangu nikimuuliza fundi anasema ulaji wa kawaida. Kawaida ni ngapi?

#16 Daftari la Mafuta

Wewe ndiye mwenye bahati hapa mkuu kwa sababu hakuna kitu cha kukudanganya. Jaza fuli, andika kilomita, tembea mpaka ubaki na robo, jaza fuli tena, lita ulizojaza zidisha kwa 100 gawanya kwa kilomita ulizotembea. Ila dizeli ina tabia moja, inatoa povu. Mkono wa pampu unakatwa na povu kabla tenki halijajaa, na povu halilingani kila siku, jaza kwa kasi ndogo na utumie pampu moja. Tenki moja halikupi jibu. Lita moja na nusu ikiingia shingoni leo na isiingie kesho, kwenye lita 48 hiyo ni asilimia 3 umejidanganya. Tenki tano jumlisha lita zote, jumlisha kilomita zote, gawanya mara moja mwishoni, kwa sababu kosa la kujaza ni la tenki la kwanza na la mwisho tu, ya katikati yanafutana.

Na usichukue wastani wa kilomita kwa lita ukajumlisha ukagawa kwa idadi ya tenki, watu wengi wanafanya hivi na namba inatoka nzuri kuliko ukweli. Umetembea kilomita 100 mjini kwa kilomita 10 kwa lita, halafu 100 barabara kuu kwa kilomita 20 kwa lita. Mtu anasema wastani 15. Mafuta uliyotumia ni lita 10 na lita 5, jumla 15 kwa kilomita 200, ni 13.3. Ndiyo maana napenda lita kwa kilomita mia, kama kilomita zinalingana unajumlisha ugawe tu.

#17 Tairi Pana

Na ukisoma watu wa nje wanaotumia maili kwa galoni angalia galoni ya nani. Galoni ya Uingereza ni lita 4.546, ya Marekani 3.785. Gari ya 5.9 huko Uingereza ni karibu 48, Marekani ni karibu 40. Nimeona watu wanabishana siku tatu kumbe gari ni moja.

#18 Mguu Mwepesi

Naomba kuuliza kitu kingine, mteremkoni naweka fri ili nisile mafuta, dashibodi inaandika 0.9 au 1.0, nikiacha gia inaandika 0.0. Ipi kweli?

#19 Fundi Nozeli

Zote kweli. Ukiacha gia na kutoa mguu, magurudumu yanaizungusha injini, kontroo boksi inafunga nozeli kabisa, sifuri ni sifuri. Ukiweka fri injini lazima ijiwashe yenyewe isizime. Dizeli ya lita 2 ikiunguruma tu imesimama inakula kama lita 0.6 mpaka 0.8 kwa saa. Acha gia mkuu, na breki zako zitakushukuru maana injini inakusaidia kushika gari. Fri mteremkoni nimeona ilichofanya, usiweke.

#20 Safari Ndefu

Kwa upande wangu kitu kilichonibadilishia ulaji ni mwendo tu na sikufungua boneti. Nilikuwa mtu wa 130 barabara kuu. Upepo unaokukinza unapanda kwa mraba wa mwendo, ukishuka kutoka 130 mpaka 110 ukinzani wa upepo unapungua asilimia 28. Nilishuka, nikatoa na keria ya juu iliyokuwa imekaa bure miezi mingi, tairi nikajaza upepo ulioandikwa kwenye mlango, ulaji ukashuka karibu lita nzima kwa kilomita mia. Muda niliopoteza kwenye kilomita 300 ni kama dakika 25, nalipia kwa moyo mweupe.

#21 Masizi

Hiyo ni kweli, na dizeli inachelewa kupata moto, safari ya kilomita 4 injini haijafika hata joto la kazi. Ulaji wa safari fupi na wa safari ndefu ni kama magari mawili tofauti, ukiandika daftari tenganisha kama unaweza.

#22 Mleta Uzi

Wakuu nimerudi na tenki la 7, na jibu la tenki la 6 limepatikana nafikiri.

Tenki 7: km 820, lita 46.4, hesabu 5.66, dashibodi 5.4

Safari hii nimerudi kwenye pampu yangu ya siku zote. Mnaona? Tenki la 6 pampu imeizidi dashibodi kwa asilimia 12, la 7 imeizidi kwa chini ya asilimia 5. Nikayaunganisha mawili, lita 95.1 za pampu kwa lita 87.6 za dashibodi, asilimia 8 na nusu, palepale kwenye mstari wa mengine. Maana yake kile kituo cha mbali pampu ilichelewa kukata, au gari ilikuwa imeinama, ikaingia lita mbili hivi zaidi ya kawaida, zikahesabiwa kwenye tenki la 6 na tenki la 7 likazitumia bure. Kama ningepima tenki la 6 peke yake ningesema gari imeharibika, kama ningepima la 7 peke yake ningesema dashibodi iko poa. Nilikaa pale kwenye kituo nikiangalia hizo namba mbili kwa muda mrefu, roho ikatulia.

Tenki saba zote: kilomita 5,603, lita 329.8, ulaji 5.89. Pampu imeizidi dashibodi kwa asilimia 8.4.

Na GPS nimefanya kama alivyosema Tairi Pana. Odometa imeandika 100.0, GPS imeandika 98.6. Kwa hiyo kilomita zangu zina chumvi ya asilimia 1.4 na ulaji wa kweli kabisa ni 5.97. Gari niliyodhani ni ya 5.4 ni ya 6. Kuna mtu aliniambia joto pia, dizeli inatanuka kama asilimia 0.08 kwa kila nyuzi moja, nyuzi 15 za tofauti kwenye lita 48 ni zaidi ya nusu lita kidogo, kwa hiyo sasa najaza asubuhi muda uleule, si kwa sababu napata mafuta zaidi, ni ili tenki zifanane.

#23 Fundi Nozeli

Kazi nzuri sana. Sasa swali moja kabla hujaendelea: nozeli ziliwahi kubadilishwa kwenye hiyo gari?

#24 Mleta Uzi

Moja. Nilipoinunua ilikuwa inagonga asubuhi, karakana moja wakabadilisha nozeli ya silinda ya tatu, ikatulia. Kwa nini?

#25 Fundi Nozeli

Nozeli za komon reli hazitoki kiwandani zikiwa sawasawa, haiwezekani kwa vipimo hivyo. Kila moja inapimwa kiwandani na tabia yake inaandikwa kama kodi, herufi na namba zimechongwa juu ya kichwa chake. Ukiifunga lazima uiingize hiyo kodi kwenye kontroo boksi, uiambie silinda ya tatu sasa ina nozeli ya tabia hii. Usipoingiza, kontroo boksi inaendelea kuamuru kama bado ile ya zamani ipo. Gari itawaka, itatembea, na kila amri kwenye silinda hiyo itakuwa na kosa ambalo kompyuta hailioni. Nimeona gari nyingi mno za namna hii. Soma kodi kwa mashine, fungua kava, linganisha na kilichochongwa.

#26 Mleta Uzi

Wakuu. Tumefungua. Kodi ya silinda ya 3 kwenye kontroo boksi si ile iliyochongwa juu ya nozeli. Walifunga wakaondoka, mimi nikalipa na kushukuru. Kweli imeniuma, kwa sababu kilikuwa ni kitu cha dakika kumi.

Tumeingiza kodi sahihi. Fundi aliyekuwepo akapima na marejesho ya nozeli zote nne, yaani mafuta yanayorudi bila kuchomwa, kwa vile vichupa, ziko karibu sawa, kwa hiyo hakuna iliyochoka vibaya.

#27 Masizi

Leta tenki zinazofuata mkuu tunasubiri.

#28 Mleta Uzi

Tenki 8: km 795, lita 46.2, hesabu 5.81, dashibodi 5.5
Tenki 9: km 828, lita 48.3, hesabu 5.83, dashibodi 5.5

Pampu imeshuka kidogo, dashibodi imepanda kidogo, pengo sasa ni asilimia 6 badala ya 8.4. Halijaisha. Injini ikiunguruma imetulia zaidi ya zamani, hilo nina uhakika nalo hata bila namba.

#29 Fundi Nozeli

Silinda moja kati ya nne haiwezi kubeba pengo lote, nilitegemea hivyo. Asilimia 6 iliyobaki ni nozeli tatu zenye kilomita laki na nusu, uzito wa mafuta, DPF, na jinsi mtengenezaji alivyoipanga dashibodi tangu mwanzo. Hapo ndo unaweza kusahihisha onyesho lenyewe. Kwenye magari mengi ya kundi la Volkswagen kuna sehemu ya kusahihisha wastani kwenye dashibodi, kuanzia asilimia 85 mpaka 115, inafikiwa kwa mashine, na magari mengine yana menyu zao zilizofichwa. Inabadilisha namba unayoiona tu, haigusi mafuta yanayokwenda kwenye injini, kwa hiyo mtu asikuambie itakupunguzia ulaji. Ila usisahihishe kwa tenki mbili. Andika angalau tano tangu uingize kodi, ukisahihisha leo utakuwa unasahihisha kosa la povu.

#30 Mleta Uzi

Nimekuelewa kiongozi. Nina mbili, zimebaki tatu, pampu ileile, asubuhi, mkono unakata mara moja. La 10 najaza Ijumaa.